Kabla ya Kulipia Mtambo wa Flashi: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Kitale na Bungoma

Ni wakazi wachache wa eneo hili ambao hawajawahi kuambiwa, kwenye dirisha la malipo au la kadi za wagonjwa, kwamba wasubiri kidogo kwa sababu sistimu iko pole. Lawama hutupiwa mtandao, na wakati mwingine ni kweli mtandao ndio wenye makosa. Lakini ofisi inayotumia seva yake yenyewe huweza kucheleweshwa na kitu kilicho chumba cha nyuma, ambacho mteja hakioni: diski inayotunza rekodi zake.

SACCO, hospitali, chuo, kiwanda au duka la jumla linapoamua kubadilisha diski hizo, kotesheni zinazoletwa siku hizi huwa zimejaa neno flashi. Bei ni kubwa. Flashi ya daraja la seva hugharimu mara kadhaa zaidi ya diski ya kawaida yenye nafasi ileile, na pesa hizo ni za wanachama, za wazazi au za mlipa ushuru. Makala haya yanamlenga mwanakamati, mwanabodi na mkazi anayehudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma, ambaye si fundi wa kompyuta lakini ataombwa aunge mkono ununuzi huo. Si lazima ajue kila kitu kilichoandikwa kwenye kotesheni. Ni lazima ajue mahali ambapo tarakimu zinaweza kumpotosha.

Sahani na chipu

Diski ya kawaida, ambayo ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka wa 1956, ina sahani zinazozunguka na mkono mdogo unaosoma juu yake, mfano wa santuri na sindano. Diski nyingi za seva huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Ili isome rekodi moja, mkono husogea hadi mahali pake, kisha husubiri sahani ilete sehemu inayotakiwa. Safari hiyo huchukua takriban milisekunde 12, kwa hivyo diski moja hutimiza kama maombi 80 ya aina hiyo kwa sekunde.

Tuseme taarifa ya mwanachama mmoja wa SACCO, pamoja na akiba yake, mikopo na wadhamini, inahitaji vipande 200 vilivyotawanyika. Diski hiyo itachukua sekunde mbili na nusu. Siku ambayo malipo ya maziwa yameingia, makarani kumi wakibonyeza kwa pamoja, wa mwisho atasubiri sekunde 25, na huo ni ukurasa mmoja tu. Ukiwa na kurasa nne kwa kila mteja, foleni inafika barabarani.

Flashi haina kinachozunguka. Data huwekwa kama chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno za chipu. Teknolojia hiyo ilibuniwa na Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba nchini Japani katika miaka ya 1980. Inasemekana jina lenyewe lilipendekezwa na mwenzake, kwa kuwa namna seli zinavyofutwa kwa mkupuo ilimkumbusha mweko wa kamera. Kusoma kipande kimoja huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vipande 200 vya mwanachama wetu vitapatikana kwa sekunde 0.02.

Muuzaji atazungumzia pia SATA, SAS na NVMe. Hizo ni njia ambazo diski hutumia kuwasiliana na seva. SATA ni barabara iliyojengwa enzi za sahani na hupitisha kama megabaiti 550 kwa sekunde. NVMe iliundwa kwa ajili ya flashi na hupitisha maelfu ya megabaiti. Kwa maoni yetu, ofisi yenye makarani kumi au ishirini haitaona tofauti kubwa kati ya njia hizo. Faida inayoonekana dirishani ni ile ya kutoka kwenye sahani kwenda kwenye flashi. Anayekuambia kwamba bila mtambo wa bei ya juu kabisa wateja wako wataendelea kusubiri, mwombe akuonyeshe idadi ya maombi kwa sekunde ambayo seva yako inafanya leo. Kipimo hicho kinapatikana kwenye seva yenyewe, bure, na fundi anaweza kukichukua kwa wiki moja ya kazi ya kawaida.

Na si kila kitu kinahitaji flashi. Picha za kamera za usalama huandikwa moja kwa moja kwa mfululizo, bila mkono wa diski kurukaruka, na sahani zinaifanya kazi hiyo vizuri. Vivyo hivyo kwa kumbukumbu za miaka iliyopita ambazo hufunguliwa mara moja kwa mwezi. Kuziweka kwenye flashi ni kulipia mwendo ambao hakuna atakayeutumia.

Gunia lenye maji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na mkulima wa Trans Nzoia ataelewa haraka kuliko mhandisi. Gunia la mahindi la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 halitapokelewa na Bodi ya Nafaka na Mazao, kwa sababu bodi inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukilikausha hadi hapo linabaki na kama kilo 83. Aliyelinunua kwa bei ya kilo 90 amelipia maji.

Mtambo wa hifadhi nao una uzito wa aina tatu. Chukua mtambo wenye diski 12 za flashi, kila moja ikiwa na terabaiti 3.84. Jumla ni terabaiti 46, na hiyo ndiyo nafasi ghafi. Lakini diski mbili kati ya hizo hutumika kubeba hesabu za kulinda data ili diski mbili zikifa kwa pamoja rekodi zisipotee, na moja nyingine hukaa tayari kama spea. Zinabaki diski tisa, yaani terabaiti 34.5. Ukifungua kompyuta, ambayo huhesabu kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000, utaona kama 31. Hiyo ndiyo nafasi halisi ya kuwekea rekodi zako.

Kisha kuna tarakimu ya tatu, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye kotesheni. Mitambo ya kisasa hubana data na kufuta marudio. Faili ileile ikitumwa kwa watu 50, mtambo huiweka mara moja tu. Muuzaji hukadiria kwamba data yako itabanwa mara nne, anazidisha, na kukuandikia terabaiti 138. Kwa barua, hesabu za mishahara na nakala za seva zinazofanana, makadirio hayo yanaweza kuwa karibu na ukweli. Kwa picha za eksirei, video na nyaraka zilizopigwa skani, mara nyingi si kweli, kwa sababu faili za aina hiyo kwa kawaida huwa zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa, na kitu kilichobanwa hakibaniki tena. Hospitali inayotunza picha za eksirei inaweza kununua 138 na kupata 34.

Kwa hiyo kotesheni zote zilinganishwe kwa nafasi halisi, kabla ya kubana. Mnunuzi aandike hitaji lake hivyo tangu mwanzo: terabaiti kadhaa zinazotumika, baada ya kuondoa ulinzi na spea. Kama muuzaji anajivunia uwezo wa kubana, baadhi ya kampuni hutoa dhamana ya maandishi kwamba kiwango fulani kisipofikiwa zitaongeza diski bila malipo. Dhamana hiyo isomwe yote. Mara nyingi inaacha nje video na data iliyobanwa, yaani vitu vilevile vinavyokusumbua.

Stima ikipotea

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani. Stima ilipotea tena katika sehemu kubwa ya nchi mwezi wa Novemba na wa Desemba mwaka uo huo. Hizo ni zile ambazo gazeti liliziandika. Kukatika kwa dakika tano wakati wa mvua ya alasiri, hakuna anayekuandika, na kwa mtambo wa data kunaweza kuleta hasara ileile.

Sababu ni hii. Flashi haiandiki data moja kwa moja kwenye seli. Huipokea kwanza katika kumbukumbu ya muda iliyo na kasi zaidi, na humo pia hutunza orodha inayoonyesha kila kipande kiko seli gani. Stima ikikatika ghafla, vilivyo katika kumbukumbu ya muda hufutika. Diski inaweza kuwa tayari imemjibu karani kwamba malipo yamehifadhiwa, risiti ikatoka, na bado malipo hayo yasionekane kesho yake. Mbaya zaidi ni orodha yenyewe kuharibika, kwa kuwa diski nzima inaweza kukataa kuwaka.

Diski za flashi za daraja la seva huwa na kapasita ndogo ndani yake, ambazo hushika umeme wa kutosha kumalizia uandishi uliokuwa umeanza. Diski za kompyuta za nyumbani kwa kawaida hazina ulinzi kamili wa namna hiyo. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Zinaweza kuwa na nafasi sawa, hata nembo ya kampuni moja, na ya nyumbani ni nafuu zaidi. Fundi anayekutengenezea seva kwa bei ya kushangaza pengine ametumia hizo. Andika katika hitaji lako kwamba kila diski iwe na ulinzi wa data dhidi ya kukatika kwa umeme, na uombe karatasi ya mtengenezaji inayosema hivyo kwa namba ya modeli iliyoletwa.

UPS inasaidia, lakini haiondoi hitaji hilo. Betri huzeeka, na ofisi nyingi hugundua kwamba ya kwao imekufa siku ambayo jenereta imechelewa kuwaka. UPS ipimwe kwa kuzima stima kwa makusudi kila baada ya miezi michache, siku ya kazi chache. Iunganishwe pia na seva kwa waya wa mawasiliano ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Waya huo ni wa bei ndogo, na ndio husahaulika.

Kuchakaa

Kila seli ya flashi huandikwa na kufutwa idadi fulani ya mara, kisha huchoka. Seli zinazobeba biti tatu, ambazo huitwa TLC, hustahimili zaidi ya zile za biti nne, QLC, ambazo ni nafuu. Wauzaji huitumia hofu ya kuchakaa kuuza diski za uvumilivu wa juu, kwa hiyo inafaa kupiga hesabu. Diski ya terabaiti 3.84 iliyoidhinishwa kuandikwa yote mara moja kila siku kwa miaka mitano inaweza kupokea kama terabaiti 7,000 katika uhai wake. Ofisi inayoandika gigabaiti 200 za data mpya kwa siku kwenye diski hiyo ingehitaji miaka 96 kuifikisha hapo. Ofisi nyingi za ukubwa wa hapa kwetu haziandiki kiasi hicho. Hakuna haja ya kulipia uvumilivu wa mara tatu kwa siku, isipokuwa vipimo vya seva yako vimeonyesha hivyo.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba flashi iliyozimwa husahau. Chaji huvuja polepole kutoka kwenye seli, na huvuja haraka zaidi pakiwa na joto na diski ikiwa imechakaa. Kiwango cha kimataifa kinaitaka diski ya daraja la seva iliyofikia mwisho wa uhai wake ishike data kwa miezi mitatu tu bila umeme katika nyuzi joto 40. Diski mpya itashika muda mrefu zaidi. Hata hivyo, kutoa diski za flashi zilizostaafu na kuzifungia kabatini zikiwa ndizo nakala pekee ya rekodi za mwaka fulani ni kuzipoteza rekodi hizo taratibu. Kwa akiba ya kabatini, sahani na tepu bado ni bora.

Majina ya kampuni

Jarida hili halipendekezi kampuni yoyote, lakini majina yatatajwa kwenye kotesheni na ni vyema kujua yanatofautiana wapi. Dell huuza PowerStore, NetApp huuza AFF, IBM huuza FlashSystem, HPE huuza Alletra, Huawei huuza OceanStor Dorado na Pure Storage huuza FlashArray. IBM hufanya kazi ya kubana ndani ya diski zake za kipekee. NetApp inajulikana kwa kuhudumia faili za kawaida na hifadhidata kutoka mtambo mmoja. Pure hutengeneza moduli zake za flashi na huuza mkataba ambao sehemu za mtambo hubadilishwa kadiri miaka inavyokwenda, badala ya kununua mtambo mwingine. Yote hii ni mitambo mizuri. Kwa ofisi ya hapa, tofauti za kasi kati yao ni ndogo kuliko tofauti za mkataba wa huduma.

Jambo moja la kiufundi lisiachwe: mtambo uwe na vidhibiti viwili. Kidhibiti ndicho ubongo wa mtambo. Kikiwa kimoja na kikifa, diski zote 12 zinakuwa mawe hadi kingine kifike. SACCO ndogo ambayo haimudu mtambo wa namna hiyo inaweza kuridhika na seva mbili za kawaida zenye diski za flashi, moja ikinakili nyingine. Hakuna aibu katika hilo.

Spea inatoka wapi

Kutoka Nairobi hadi Kitale ni karibu kilomita 380 kwa barabara. Muuliza bei mwenye busara atauliza spea inakaa Nairobi, Eldoret, Kisumu au nje ya nchi. Mkataba ukisema huduma hutolewa siku ya kazi inayofuata, mtambo ukiharibika Ijumaa jioni utaangaliwa Jumatatu, na spea ikiwa haipo nchini, baadaye zaidi. Mkataba wa saa nne unavutia kwenye karatasi. Mwombe muuzaji ataje kwa maandishi kwamba saa hizo zinahusu Kitale au Bungoma, si mji mkuu pekee, na kama ni saa za kupokea simu yako au za fundi kufika na kifaa mkononi. Diski moja au mbili za ziada, zikiwa kwenye sanduku lake ofisini kwako, hugharimu kidogo kuliko wikendi moja bila huduma.

Diski iliyokufa nayo ina mwenyewe. Mikataba mingi hudai irudishwe kwa mtengenezaji ndipo upewe mpya, na ndani yake kunaweza kuwa na majina ya wagonjwa au salio za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayetunza data ya watu aripoti kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua kwamba imefikiwa na asiyestahili na kuna hatari ya madhara. Chagua mkataba unaokuruhusu kubaki na diski mbovu, na mtambo unaogeuza data yote kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Ufunguo huo usikae ndani ya mtambo pekee.

Flashi si nakala ya akiba

Diski zikiwa 12 zinalindana dhidi ya kifo cha diski. Hazikulindi dhidi ya karani aliyefuta faili, moto, mwizi, au programu ya wahalifu inayofunga data yako na kudai fidia. Mtambo wa kasi hufungwa kwa kasi. Nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Hospitali, chuo au SACCO ya Kitale ikielewana na wenzake wa Bungoma, kila upande unaweza kuutunzia mwingine nakala, mradi iwe imesimbwa na ufunguo ubaki nyumbani. Kwa kazi hii diski za sahani za bei nafuu zinatosha kabisa. Bajeti ya nakala ikatwe pamoja na ya mtambo, katika ombi moja, kwa sababu ikiachwa kwa mwaka ujao huwa haiji.

Zabuni na siku ya kupokea

Kwa taasisi za umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 hairuhusu vigezo vya zabuni kutaja chapa fulani, ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo bidhaa zinazolingana zikubaliwe. Mkazi anayeona tangazo linalotaja modeli moja tu ana haki ya kuuliza. Zabuni hutangazwa kwenye tovuti ya tenders.go.ke, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Mtambo ukifika, kamati ya ukaguzi na upokeaji isihesabu maboksi tu. Fundi wa muuzaji awepo, data ya majaribio iwekwe, na kazi ya kuandika iwe inaendelea. Diski moja ichomolewe na kazi isisimame. Kidhibiti kimoja kizimwe, na kazi isisimame. Kisha waya wote wa stima uchomolewe ukutani ghafla, UPS ikiwa imetengwa, na mtambo ukiwashwa kila risiti iliyotolewa kabla ya giza ihesabiwe. Mwisho, faili moja ifutwe na kurejeshwa kutoka kwenye nakala ya akiba, saa ikiwa mkononi. Majibu yaandikwe kwenye cheti cha upokeaji kabla ya saini, pamoja na nafasi halisi iliyoonekana kwenye skrini, ilinganishwe na ile ya kotesheni.